Fidla ya Katikati

MWANABARAKA: Haloo? Nani mwenzangu? Kama ni nyie wa fidia za ajali, mie sikupata ajali, na gari sina.

SADRUDIN: Salaam alekum. Ni mie.

MWANABARAKA: Mie nani? Kila anayenipigia ni mie.

SADRUDIN: Sadrudin. Wa Kenton.

MWANABARAKA: Alekum salaam. Ah, Sadru. Mbona nambari siijui? Imelia mpaka nikaionea huruma.

SADRUDIN: Ni mobail. Shiraz kanipa ya kwake ya zamani. Nimetia salio dogo tu, kwa hivyo nitakuwa mfupi. Hujambo, Bi Mwanabaraka binti Haji?

MWANABARAKA: Leo mpaka jina la baba. Mara ya mwisho kuitwa hivyo ilikuwa dirishani kwa uhamiaji, na aliyeniita hakuwa na habari njema.

SADRUDIN: Ni heshima tu.

MWANABARAKA: Miaka kumi na moja umeninyima heshima hiyo na nimenenepa. Sijambo. Goti tu. Simu ya nyumba ina nini?

SADRUDIN: Imekatwa.

MWANABARAKA: Hukulipa?

SADRUDIN: Nimewaambia mwenyewe waikate. Tangu Jumatatu.

[Simu inakwaruza.]

MWANABARAKA: Haloo? Sadru?

SADRUDIN: Nipo. Nasogea dirishani, huku ndani mawimbi yanazama kwenye maboksi.

MWANABARAKA: Maboksi ya nini?

SADRUDIN: Ndilo nililopigia. Jumamosi nahamia Leicester, kwa Shiraz. Vani inakuja saa tatu asubuhi.

MWANABARAKA: Jumamosi ipi?

SADRUDIN: Hii.

MWANABARAKA: Hii ya keshokutwa?

SADRUDIN: Leo Alhamisi, basi ndiyo.

MWANABARAKA: Mwezi wa saba uliniambia mwanao anakulilia uende, nawe ukamjibu utafikiri msimu wa besiboli ukisha. Fainali ni Jumapili. Msimu haujesha.

SADRUDIN: Nimefikiri mapema.

MWANABARAKA: Hongera. Mtu aliyefikiri miaka minne kabla ya kununua feni.

SADRUDIN: Feni ilikuwa na kelele, ingeharibu kusikiliza. Sikiliza, Bi Mwanabaraka. Nina vitu vyako vitatu, na sitaki kuondoka na vitu vya watu. Kiti cha kukunja, kile cha buluu. Chupa ya chai. Na sahani.

MWANABARAKA: Sahani ile ya biriani nilishakusamehe.

SADRUDIN: Sahani ya santuri. Ile ya lebo nyekundu.

MWANABARAKA: Kumbe. Ile uliyoazima wiki moja uisafishe.

SADRUDIN: Ilikuwa chafu.

MWANABARAKA: Miaka minne, Sadru. Msikiti unasafishwa kwa muda mfupi zaidi.

SADRUDIN: Ungeiosha wewe ungetumia sabuni ya vyombo. Mie nimeiosha kwa shampuu ya watoto, nikaikausha kwa kitambaa cha miwani. Ulipoileta ilikuwa inasikika kama mtu anakaanga.

MWANABARAKA: Niliipata nusu paundi, Harrow, duka la vitu vya sadaka, imelaliwa na nyimbo za Krismasi. Na wewe ulikuwa umeitafuta miaka mingapi vile?

SADRUDIN: Thelathini.

MWANABARAKA: Thelathini. Bombay uliandika barua, Mombasa ulimtuma mtu. Nilipokuonyesha ulikaa kitandani siku mbili. Shiraz akanipigia, akaniuliza nimempa nini baba yake.

SADRUDIN: Ilikuwa presha.

MWANABARAKA: Ilikuwa wivu. Haya, na ubeti wa chai nao unarudishwa?

SADRUDIN: Ubeti wa chai umo ndani ya sahani, siwezi kuutoa.

MWANABARAKA: Maana kila Ijumaa nakuja na mandazi yangu, nakunywa chai yako isiyo na sukari, na wewe ukifika upande wa pili huendelei mbele. Unanyanyua sindano unarudi, unanyanyua unarudi, ubeti mmoja. Mpaka mfereji wake umepauka.

SADRUDIN: Ni ubeti mzuri. "Chai bado iko moto, kikombe hujakishika, nje mvua kama mto, keti hadi kukatika." Sikiliza ulivyopangwa. Watunzi wa sasa hawawezi.

MWANABARAKA: Umeuhifadhi. Basi sahani nirudishie, utajiimbia huko Leicester bafuni.

SADRUDIN: Nitaiacha dukani kwa Lata. Utaichukua ukipita.

MWANABARAKA: Kwa Lata.

SADRUDIN: Ni njiani kwako.

MWANABARAKA: Si njiani kwangu. Mie nakaa Queensbury tangu ulipokuwa na nywele, na duka la Lata liko Kenton karibu na mlango wako. Mlango wangu umeusahau? Una nambari.

[Mlio wa basi unapita.]

SADRUDIN: Sitaki kukusumbua.

MWANABARAKA: Na zile sahani nyingine elfu mbili zinakwenda wapi? Maana Shiraz kakutengea chumba kimoja, na mkewe kaweka zulia jeupe. Nimeliona siku ya Idi. Nilikula sambusa nimesimama jikoni kama nimekamatwa.

SADRUDIN: Kuna Mwingereza, Tom, anakuja kesho kuzichukua.

MWANABARAKA: Zote?

SADRUDIN: Zote. Alikuja Jumanne kuziangalia. Ajabu, ananunua zaidi zile zenye vumbi. Nilizoziosha anasema zimepoteza tabia yake.

MWANABARAKA: Basi ile shampuu ya watoto imekutia hasara.

SADRUDIN: Aliniuliza wimbo mmoja unasema nini. Nikamfasiria beti zote sita. Akaandika kwenye karatasi, "mapenzi."

MWANABARAKA: Kakosea?

SADRUDIN: Hakukosea. Lakini hakutaka kujua zaidi.

MWANABARAKA: Sasa huko utasikiliza nini?

SADRUDIN: Shiraz anasema kila kitu kimo kwenye kompyuta.

MWANABARAKA: Na Jumapili utakwenda wapi?

SADRUDIN: Kuna bustani.

MWANABARAKA: Wanacheza besiboli humo?

SADRUDIN: Kuna bata.

MWANABARAKA: Bata.

SADRUDIN: Usicheke.

MWANABARAKA: Sicheki, nameza dawa ya goti. Namwona Sadrudin na daftari lake, anaandika: bata wa kwanza kaingia majini, bata wa pili kakosa.

SADRUDIN: Daftari nimelifunga pia. Misimu kumi na moja, kila mrusho. Nilifikiri nikupe wewe, halafu nikasema huna haja nalo.

MWANABARAKA: Ulipokuja siku ya kwanza Finsbury Park uliuliza hii ni kriketi imepotea njia?

SADRUDIN: Ilikuwa haki yangu kuuliza. Watu wamevaa suruali za kulalia, wanatemeana mbegu.

MWANABARAKA: Nikakueleza kwa upole.

SADRUDIN: Ulinieleza kwa kunipiga kwa kipepeo cha kujipepea. Ukasema baba yako alikuwa mpishi wa Wamarekani wa Tunguu, wale wa mitambo ya kusikiliza roketi, na wewe ulikuwa unawaokotea mipira kwenye mihogo ungali na miaka kumi na tatu, kwa hivyo nisikufundishe mchezo.

MWANABARAKA: Na ni kweli. Yalipokuja Mapinduzi wakaondoka mbio, mmoja akaacha glavu yake. Baba akaitumia kuepulia masufuria mpaka alipokufa. Mpaka leo harufu ya ngozi ya moto ikinipitia, miye nasikia njaa.

SADRUDIN: Nakumbuka nilikuuliza kwa nini yule kijana anakimbia wakati mpira haujapigwa. Ukaniambia anaiba bezi, yaani kituo kinachofuata. Nikauliza, na wizi unaruhusiwa? Ukasema unaruhusiwa kama mrushaji kageuza uso.

MWANABARAKA: Tangu hapo hukukosa Jumapili hata moja.

SADRUDIN: Hata moja.

MWANABARAKA: Mpaka wiki tatu hizi. Jumapili tatu hukuja, Ijumaa tatu umesema una mafua. Na kiti changu kiko kwako, nimekaa juu ya ngazi za mbao nimeganda kama samaki wa dukani. Mafua ya wiki tatu, Sadru, yana jina jingine.

[Simu inakwaruza.]

SADRUDIN: Bi Mwanabaraka, mie nimepiga kwa habari ya vitu.

MWANABARAKA: Vitu nimevisikia. Kiti, chupa, sahani. Sasa niambie cha nne.

SADRUDIN: Hakuna cha nne.

MWANABARAKA: Kipo, nakisikia kinapumua.

SADRUDIN: Mtu akiambiwa mbele ya watu, anasikia. Basi.

MWANABARAKA: Kaambiwa nini?

SADRUDIN: Unajua.

MWANABARAKA: Mie nimeishia darasa la nne. Nieleze.

SADRUDIN: Taarabu ya Kenton. Ule ukumbi wa harusi. Bendi imetoka nyumbani, tiketi nilizinunua mie, safu ya sita, kwa sababu ulisema safu ya mbele spika zinakuchoma masikio.

MWANABARAKA: Nakumbuka. Na ulivaa lile koti.

SADRUDIN: Koti si kitu.

MWANABARAKA: Lilikupendeza. Endelea.

SADRUDIN: Wakapiga ule wimbo. Wetu. Yaani wa sahani. Nikafurahi mpaka nikamshika mkono Lata aliyekaa ubavuni mwangu, akanitazama. Halafu wewe ukainuka na noti ya paundi kumi, ukaenda jukwaani kumtunza mwimbaji.

MWANABARAKA: Ni haramu?

SADRUDIN: Mie nimezaliwa Hurumzi, nimekua na taarabu, usinifanye mgeni. Mtu akiinuka na noti, ubeti ule ni wake, na anayemnyooshea mkono ndiye aliyeandikiwa barua. Wewe ukampa noti mwimbaji, ukageuka, ukaninyooshea mie mkono. Watu mia mbili wameona. Na mwimbaji anaimba nini?

MWANABARAKA: Anaimba nini?

SADRUDIN: Unataka niseme?

MWANABARAKA: Salio ni lako.

SADRUDIN: "Ukenda nenda salama, mlango siufungii, mwenye kwisha kusimama, kiti simrudishii."

MWANABARAKA: Umeusikia mara moja tu na umeukamata wote.

SADRUDIN: Nimeusikia mara moja, nauota kila siku. Lata akaniinamia, akaniambia, Sadrubhai, umesomewa. Akasema Mwanabaraka kachoka na wewe na masahani yako, afadhali kakwambia kwa heshima. Anasema wanawake wote wa safu ile wamesikia vilevile, mmoja akacheka mpaka akatoa kitambaa.

MWANABARAKA: Na wewe?

SADRUDIN: Nikachukua koti nikatoka. Nikapanda basi. Nilipofika nyumbani nikampigia Shiraz, nikamwambia, mwanangu, kile chumba kipo bado?

MWANABARAKA: Ulitoka ubeti ule ule?

SADRUDIN: Ungetaka nikae nipigwe na wa pili?

MWANABARAKA: Nakuuliza tu. Ulitoka kabla wimbo haujesha?

SADRUDIN: Ndiyo. Sikukufanyia vibaya, Bi Mwanabaraka. Kama nimekuchosha ungeniambia jikoni. Kwa nini kwa bendi nzima, fidla na kanuni?

[Mlio mfupi kwenye simu.]

SADRUDIN: Hiyo ni salio. Inanionya. Basi, vitu nitaviacha kwa—

MWANABARAKA: Subiri. Jambo moja. Miaka yote hii tunakwenda matamasha. Taarabu tumekwenda, rumba ya Wembley tumekwenda, na yule mpiga udi aliyesinzia tumekwenda. Kila mahali, mwimbaji akifungua mdomo, wewe unanong'ona nini sikioni kwangu?

SADRUDIN: Sinong'oni.

MWANABARAKA: "Kwenye sahani si hivi." Kila wimbo. Siku ya rumba mtu wa mbele aligeuka akakuomba uende nyumbani kwenye sahani yako.

SADRUDIN: Kwa sababu hawafuati. Wanaongeza, wanapunguza—

MWANABARAKA: Usiku mmoja tu nilikuhitaji unong'one hivyo, ukanyamaza.

SADRUDIN: Sikufahamu.

MWANABARAKA: Niliinuka lini?

SADRUDIN: Nini?

MWANABARAKA: Wewe unaandika kila mrusho kwenye daftari. Niliinuka kitini lini?

SADRUDIN: Uliinuka... ilikuwa inapigwa fidla.

MWANABARAKA: Fidla ipi?

SADRUDIN: Ile ya katikati. Ndefu.

MWANABARAKA: Na kwenye fidla kuna maneno?

SADRUDIN: Hakuna.

MWANABARAKA: Basi mtu gani anainuka kutunza mahali hakuna maneno?

SADRUDIN: Mtu mwenye goti kama lako. Kutoka safu ya sita mpaka jukwaani, goti lako linataka fidla nzima.

MWANABARAKA: Kumbe goti langu unalijua.

SADRUDIN: Nalijua. La kushoto.

MWANABARAKA: Sasa mwenye goti hilo, akiinuka fidla inapoanza, anataka afike lini?

SADRUDIN: Fidla inapokwisha. Apokee ubeti unaofuata.

MWANABARAKA: Ahsante. Sahani iko wapi saa hizi?

SADRUDIN: Mkononi. Nilikuwa naifunga gazeti.

MWANABARAKA: Ifungue. Fidla ya katikati iko wapi?

SADRUDIN: Mwisho wa upande wa kwanza. Inafifia hivi, halafu unageuza. Hilo kila mtu analijua.

MWANABARAKA: Na ukigeuza?

[Kimya.]

MWANABARAKA: Haloo?

SADRUDIN: Nipo.

MWANABARAKA: Nimekuuliza, ukigeuza.

[Karatasi inachakarika.]

SADRUDIN: Zilikuwa sahani za dakika tatu kila upande.

MWANABARAKA: Sijakuuliza dakika.

SADRUDIN: Ukigeuza ni ubeti wa chai. Lakini wimbo mrefu walikuwa wanaukata. Beti nyingine zinaachwa, hazirekodiwi. Nimewahi kumweleza Tom hayo, Jumanne, nimesimama hapahapa.

MWANABARAKA: Umemweleza Tom.

SADRUDIN: Ukumbini aliimba wimbo mzima. Zile beti zilizoachwa amezirudisha mahali pake. Baada ya fidla.

MWANABARAKA: Mie sijui. Mwenye sahani elfu mbili ndiye anayejua.

SADRUDIN: Sasa na wewe uliposikia maneno...

MWANABARAKA: Niliposikia maneno noti ilikuwa imeshaingia mkononi mwa mwimbaji na mkono wangu umeshanyooka. Ungetaka nifanye nini? Nimwambie samahani dada, nirudishie, ubeti sio?

SADRUDIN: Ungeshusha mkono.

MWANABARAKA: Mkono uliganda. Nikasema haidhuru, Sadru yupo pale, hakuna mwanadamu Uingereza hii anayeijua sahani ile kama yeye. Mtu aliyeuliza Bombay kwa barua. Ataelewa kabla sijarudi kitini. Nikageuka, nakuona mgongo.

[Simu inakwaruza.]

SADRUDIN: Na ubeti wa chai? Ulikuja?

MWANABARAKA: Ulikuja. Baada ya beti mbili.

SADRUDIN: Na wewe uko wapi?

MWANABARAKA: Nishakaa. Noti nilikuwa na ile moja. Nimeusikiliza wote, kiti chako kitupu, na Lata ananiambia pole, lakini wanaume wa makamo ndivyo walivyo.

SADRUDIN: Uliimbwa vizuri?

MWANABARAKA: Kwenye sahani si hivi.

[Sadrudin anacheka, kisha anakohoa.]

SADRUDIN: Kumbe ulikamatwa baina ya bezi mbili.

MWANABARAKA: Na mwamuzi kashatoka uwanjani.

SADRUDIN: Kwa nini hukunipigia, Mwanabaraka? Wiki tatu.

MWANABARAKA: Niseme nini? Mwanamke mzima nimeinuka mbele ya watu mia mbili na goti bovu, nimelipa mtu aseme. Sasa tena nipige simu?

SADRUDIN: Mtu uliyemlipa kasema mengine.

MWANABARAKA: Hilo kosa la mwimbaji, si langu. Na wewe ulisema una mafua. Nilikuchemshia tangawizi nikaja nayo mpaka kituo cha basi, nikaona huyu mtu ana mwana Leicester, mimi nani. Nikainywa mwenyewe.

[Mlio mfupi kwenye simu, mara mbili.]

SADRUDIN: Salio.

MWANABARAKA: Limebaki kiasi gani?

SADRUDIN: Sijui kulisoma. Yule mwanamke wa simu anasema mbio mbio, nadhani limebaki la simu moja fupi.

MWANABARAKA: Na vani ni keshokutwa.

SADRUDIN: Saa tatu. Na Tom kesho mchana. Shiraz kapaka rangi chumba, Mwanabaraka. Rangi ya maziwa. Mkewe kanunua pazia.

MWANABARAKA: Pazia halili. Litangoja.

SADRUDIN: Atasema nini Shiraz?

MWANABARAKA: Mwambie msimu haujesha.

SADRUDIN: Jumapili unakwisha.

MWANABARAKA: Kuna msimu wa mwakani. Nani kakwambia nilikuwa nasema huu?

SADRUDIN: Na watu? Lata, watu wangu wa jamatkhana, watu wako wa msikiti. Watasema uzee umetupanda kichwani.

MWANABARAKA: Watu mia mbili wanajua nimekufukuza. Tuna mwaka mzima wa uhuru kabla hawajagundua.

SADRUDIN: Wewe.

MWANABARAKA: Mie nini?

SADRUDIN: Si kitu. Nilitaka kusema jambo, halafu nimeona afadhali—

[Mlio kwenye simu.]

MWANABARAKA: Una salio la simu moja, Sadru. Ukiendelea kunong'ona na mie, mwenye vani humpati, na simu ya nyumba umeikata kwa mkono wako.

SADRUDIN: Nangoja useme.

MWANABARAKA: Sisemi. Miye nimeshalipa. Kata, mpigie mwenye vani.

SADRUDIN: Na Tom?

MWANABARAKA: Tom mpe zile zenye vumbi. Hiyo ya lebo nyekundu iondoe kwenye gazeti, wino utaipaka.

SADRUDIN: Mechi saa ngapi Jumapili?

MWANABARAKA: Saa saba. Kiti changu ulete, na daftari. Mie sitakaa tena kwenye ngazi.

SADRUDIN: Ikinyesha?

MWANABARAKA: Ikinyesha, chupa ya chai si iko kwako? Ijaze. Sukari ntaleta mie.

SADRUDIN: Haya. Nakata.

MWANABARAKA: Kata.

SADRUDIN: Nakata sasa hivi.

MWANABARAKA: Mbona nakusikia bado?

SADRUDIN: Natafuta kitufe. Shiraz alinionyesha, kile chekun—

[Simu imekatika.]

MWANABARAKA: Sadru? Haloo?

[Kimya.]

MWANABARAKA: Hewala.